Nilikuandika "na Wengineo"

Bibi,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako siwezi kuiuliza bila kuonekana punguani, na ya kwangu ukiisikia utasema nadeka. Basi nianze na kilichonikalisha hapa. Keshokutwa natakiwa nipeleke tangazo la mwezi kwenye steshenari ya sokoni likachapwe, na hilo tangazo limenishinda kuandika. Mimi, Twaha, katibu wa Ghalani, niliyekuwa nikiringia mwandiko wangu mbele za watu, leo siku ya nne nakaa mbele ya karatasi nyeupe kama mtu aliyeitwa kituoni kutoa maelezo.

Nakuita Bibi kwa kuwa ndivyo nilivyokuita kwa miaka sita. Jina lako nimelijua ulipokwisha kufa. Hilo ndilo lililonileta, na sijui nilizungukie vipi. Nimekukosea, Bibi. Nimekukosea kila mwezi, kwa mkono wangu, tena huku nacheka na wewe.

Lakini ngoja kwanza nikupe habari za ukumbini, maana najua ndizo ungeziuliza. Naona nafuu pia kuanza na hizo.

Ghalani bado imesimama. Lile bati lililokuwa likitudondoshea maji kwenye benchi la nyuma limezibwa. Harufu ya korosho za zamani haijatoka ukutani na nadhani haitatoka, ghala ni ghala hata ukilipaka rangi na kuliita ukumbi wa sanaa. Zainabu, uliyekuwa ukiimba yeye akiitikia, sasa ndiye anayeanzisha nyimbo. Anaanza juu mno. Akifika ubeti wa tatu sauti inamkimbia, anageuka kutazama upande uliokuwa ukisimama wewe, halafu anakumbuka, anainama na kujifanya anafunga kanga. Ngoma zako tumezitunza vibaya. Hakuna kati yetu aliyekuwa amekutazama vizuri ulipokuwa ukizipasha kwa moto wa makuti, tulidhani moto ni moto. Ile ndogo, uliyokuwa ukiiita mtoto wa mwisho, Zainabu aliisogeza karibu ngozi ikachanika, akalia kuliko alivyolia msibani. Sikumlaumu.

Na mwezi huu tuna mambo makubwa. Jumamosi ya kwanza wanakuja akina mama wa Mikindani na ngoma yao ya kibao. Jumamosi inayofuata atazungumza mama mmoja wa Msimbati anayepanda mikoko kule Ruvuma inakoingilia baharini, atatueleza ufukwe wao unavyoliwa na namna wanavyoushikilia. Ya tatu ni ya vijana wa Chikongola wenye bendi. Wamepata gitaa la pili, spika bado za kuazima. Mpaka hapo niliandika bila kusita, kwa wino mweusi, herufi zimesimama. Jumamosi ya mwisho ndiyo yako. Kamati imeamua alasiri nzima iwe ya kukukumbuka, nyimbo zako ziimbwe, kisha mtu mmoja aliyekuwa karibu na wewe kuliko wote asimame akueleze kwa watu.

Wamenichagua mimi, Bibi. Walipiga na makofi.

Sasa nirudi nyuma.

Siku ya kwanza ulipokuja Ghalani uliletwa na Zainabu. Ulikuwa na kanga mbili na kopo la ugoro, ukakaa karibu na mlango, ukamsikiliza mshairi wetu akisoma mashairi yake mpaka akamaliza. Ukauliza kama hapa watu wanaruhusiwa kuimba au ni pa kusoma tu. Tukacheka. Ulipoimba hatukucheka tena, nakumbuka mzee mmoja wa bandarini alivua kofia, akaishika mapajani mpaka ulipomaliza. Mwezi uliofuata nikaandika tangazo. Nikamwandika mshairi, nikamwandika mwalimu aliyekuja kuzungumzia ususi wa mikeka, nikawaandika wapiga gitaa kwa majina yao yote mpaka ya ukoo. Nikafika kwako.

Watu wazima walikuita Mama Mwanaidi, kwa jina la binti yako. Sisi wengine tulikuita Bibi. La kwako mwenyewe sikuwahi kulisikia, na kwetu kijana hamwendei mtu mzima wa umri wako akamwambia nitajie jina lako, utadhani anataka kumkamata. Ningemtuma Zainabu akuulize. Ningeandika hata Mama Mwanaidi, Mtwara nzima ingejua ni nani. Lakini nitakwambia kweli, maana sasa huwezi kunikatiza. Niliona halitapendeza. Niliona wageni wa maofisini watasoma "Mama Mwanaidi, nyimbo na ngoma" wadhani tumealika watu wa kuchezesha harusi. Nilikuona wa kujazia nafasi kati ya mshairi na gitaa. Basi chini kabisa nikaandika "na wengineo", nikapiga mstari, nikaridhika.

Ningeishia hapo ningekuwa na kosa la uvivu tu. Lakini ukaja kulitazama tangazo pale mlangoni. Ulisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, kama wafanyavyo wasomaji. Kisha ukaniita, "Mume wangu, njoo," maana tangu siku ya kwanza ulinifanya mjukuu na ukanioa papo hapo. Ukasema, "Mie macho yangu hayajui hizi. Niwekee kidole nilipo."

Nilishika kidole chako cha shahada, Bibi. Bado nakisikia mkononi, kikavu, kina kovu la ngozi ya ngoma. Nikakipeleka chini nikakiweka juu ya "wengineo". Nikasema, "Hapa."

Ukakisogeza taratibu mwanzo mpaka mwisho. Ukasema, "Kumbe ndivyo nilivyo." Ukaomba karatasi moja uende nayo nyumbani.

Nilijiambia mwezi ujao nitarekebisha. Mwezi ujao nikajiambia nikimwandika sasa ataona neno tofauti, atajua la kwanza lilikuwa uongo. Unaona ujinga unavyojijengea nyumba? Nikaendelea. Kila mwezi ulikuja, ukanitania mbele za watu kwamba mumeo nimekonda, sijui nani ananipikia, kisha ukanyoosha kidole, "Nionyeshe nilipo." Na mimi nikakuonyesha. Ikawa kawaida yetu, watu wakisimama kututazama na kufurahi. Ukaondoka na karatasi yako umeikunja mara nne, umeifunga kwenye pindo la kanga.

Kuna mwezi tangazo lilijaa, sikupata pa kuandika hata "na wengineo". Ulikuja vilevile. Nikachukua kidole chako nikakiweka juu ya "Hakuna kiingilio". Ukayapapasa yale maneno. Ukasema, "Leo jina langu limezaa? Naona yako mawili."

Nikakujibu, bila hata kumeza mate, "Leo nimeandika na la baba yako."

Ukanitazama. Ukasema, "Baba yangu umemjulia wapi?"

Nikacheka, nikasema karani hujua yote. Nawe ukacheka. Nilirudi ndani nikaketi nyuma ya mlango, nikajiona fundi, nimetoka salama. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi, kwamba nilijisifu.

Siku uliyofariki ilikuwa Jumamosi na tulikuwa na onyesho. Asubuhi nilikuwa napanga viti. Spika ya msikiti ikakohoa, wakatangaza. Nililisikia tangazo lote, Bibi, neno kwa neno, upepo ulikuwa upande wetu. Amefariki Somoe Issa Chilumba, mazishi ni leo baada ya adhuhuri. Nikasema innalillahi kama isemwavyo kwa mtu usiyemjua, kwa pumzi moja, nikaendelea na viti. Nikapanga safu ya mbele, nikafuta vumbi meza ya mzungumzaji. Ilipokaribia adhuhuri nikaanza kunung'unika kwamba Bibi leo kachelewa, ngoma zitapashwa saa ngapi? Nikakupigia simu. Iliita ikakatika. Nikapiga tena. Nikamwambia kijana wa spika, "Akina bibi hawa ukiwapa uhuru kidogo hawana muda." Nilisema hivyo wakati wenzangu wanakuosha.

Zainabu ndiye aliyekuja, adhuhuri imekwisha kusaliwa, kanga kichwani, macho mekundu. Akatazama viti, akanitazama mimi. "Hamjasikia? Mbona limetangazwa?"

Sikumwelewa. Ikabidi aniambie mara mbili. Kwamba yule aliyetangazwa ni wewe.

Nilikimbia. Bajaji haikuonekana, nikadandia bodaboda ya mtu aliyekuwa na mzigo, nikafika makaburini watu wanarudi. Walikuwa wanapangusa mchanga mikononi. Jeneza lako sikulishika, kaburini kwako sikutia hata konzi moja ya udongo. Niliyekuwa mumeo kila mwisho wa mwezi nilisimama pale na kanzu ya kuazima, napumua kwa mdomo. Mtu akaniuliza mbona nimechelewa. Nikasema bajaji ilipata pancha.

Hata hapo, Bibi. Hata pale nilisema uongo.

Binti yako Mwanaidi alinipokea msibani kwa heshima kubwa mno. Akawaambia wanawake wenzake, "Huyu ndiye Twaha wa mama." Akaniletea chai. Akasema hakunipigia simu kwa kuwa alijua nimesikia msikitini. Nikasema ndiyo, nilisikia. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nakwepa. Njia ya kwako siipiti, nazunguka Shangani utadhani napunga upepo. Lakini kamati ilipotaka alasiri yako, wakaniambia niende Nanyamba kwa Mwanaidi nikachukue picha na jina kamili la kuandika kwenye tangazo. Nilitafuta wa kumtuma nikakosa. Nikaenda Jumanne ya wiki iliyopita.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua korosho, zenye madoa huku, safi huku. Alinikaribisha, akaniuliza habari za Ghalani, akaingia ndani akatoka na picha yako ile ya kitambulisho, umekunja uso kama unamdai mpiga picha. Kisha akarudi tena ndani, akaleta mfuko wa rambo. Akautua mapajani mwangu.

Yalikuwa matangazo yangu. Yote. Kila moja limekunjwa mara nne, na pale kwenye mikunjo karatasi imelika, imekuwa laini kama kitambaa. Yalikuwa kwenye sanduku pamoja na sanda uliyokuwa umejiwekea.

Nikadhani ananipa kumbukumbu. Nikaanza kutafuta maneno ya shukrani. Mwanaidi akaendelea kuchambua korosho. Akasema bila kuniinulia uso, "Nionyeshe alipo."

Bibi, sijawahi kuona aibu ya namna ile. Aibu ninayoijua mimi ni ya usoni, inapita. Hii haikupita. Nikafungua karatasi moja, nikaifunga. Nikasema, "Hayupo." Akasema, "Na hiyo nyingine?" Nikasema, "Hayupo, Dada." Hakuniachia. Aliniuliza moja moja mpaka ukaisha mfuko. Kwa kila moja nilimjibu kwa sauti, na jirani yake aliyekuwa anatwanga akaacha kutwanga.

Nikamwomba radhi. Nikasema mama yake amekufa hajui, na hilo litanila mpaka kaburini.

Hapo ndipo alipoacha korosho. Akasema, "Nani kakwambia hajui?"

Akanieleza. Kwamba mwaka wa pili tu ulikuja Nanyamba msimu wa korosho, ukamtolea karatasi kwa fahari, ukamwekea kidole, "Hapa ndipo nilipo." Naye Mwanaidi amesoma mpaka la saba. Akakusomea. Ukaikunja karatasi ukairudisha kwenye pindo. Yeye akapandwa na hasira, akataka kuja Mtwara siku ileile kunivua nguo mbele za watu, ukamkataza. Ulimwambia, "Mwache ntoto wa watu. Ana haya yule. Ukimwambia, hataniangalia tena usoni, na mie nampenda."

Kumbe miaka minne yote iliyofuata ulikuwa unajua. Kila ulipokuja na kidole chako ulikuwa unajua. Siku ya "limezaa" ulikuwa unajua. Mimi niliyedhani nakufichia wewe, wewe ndiye uliyekuwa unanisitiri mimi, tena mbele za watu, tena kwa kicheko.

Mwanaidi anasema alikuuliza, kama unajua, kwa nini unaendelea kumwendea kila mwezi akuonyeshe? Anasema ulimjibu neno moja tu.

"Nanngoja."

Sikulia pale. Nililia njiani, nimekaa nyuma ya bodaboda, dereva akadhani ni vumbi, akanipa miwani yake.

Sasa tangazo. Kuandika jina lako juu kabisa leo hakunigharimu kitu, marehemu hupewa heshima na kila mtu. Hicho ndicho kilichonishikisha kalamu siku nne, naona nikikuandika kwa herufi kubwa nitakuwa najipamba mimi. Watu watasema, tazama Twaha anavyomkumbuka bibi yake. Na hotuba nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa tamu sana, nikaichana. Ya pili nilikiri, lakini kwa maneno ya kisomi, "kulikuwa na mapungufu katika uandaaji wa matangazo", kana kwamba mapungufu yalijiandaa yenyewe. Ya tatu nilijitetea. Nimezichana zote.

Mwanaidi atakuja. Aliniambia wakati natoka, akiwa amenisindikiza mpaka barabarani licha ya yote, maana amelelewa na wewe. Alisema radhi si yake kuitoa na wala hajui kama anaweza. Alisema, "Nitakaa mbele. Sitaki unisifie mama. Sema ulichomfanyia, kisha keti."

Nimekubali, Bibi. Nitaisoma barua hii. Yote, pamoja na pale niliposema akina bibi hawana muda, pamoja na pancha. Najua Zainabu ataniangalia vipi. Najua wa kamati watakohoa, na yule mzee wa bandarini huenda akavaa kofia yake akatoka. Huenda wakaninyang'anya ukatibu, na nitawapa daftari bila ubishi. Naogopa. Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia naogopa akanitania mpaka nikapata nguvu.

Na jambo moja limebaki ambalo nimelianza, sitaki unipe sifa. Wiki hii nimewapitia wote tunaowaandika, mmoja mmoja. Nimewauliza majina kwa midomo yao, wazee kwa vijana, na waliokasirika nimewaomba radhi nikasubiri watulie. Kumbe wanne kati yao hawajui kusoma. Miaka yote hii wamesimama mbele ya matangazo yangu, mikono nyuma. Nimewasomea kila mstari kabla haujachapwa. Kazi hiyo nakuahidi sitaiacha, niwe katibu au mfagiaji.

Mola akulaze pasipo na dhiki, akupe huko mwanga wa kukutosha, na wakikuuliza jina lako ulitaje kwa sauti yako ile iliyomvua mzee kofia. Mimi huku nitalitaja Jumamosi ile ya mwisho, baada ya sala ya alasiri, kabla sijasema langu na kabla sijasema kosa langu.

Kwa heri, Bi Somoe Issa Chilumba. Umeningoja mno. Mwanaidi atakuwa mbele, milango yote itakuwa wazi, na sitaketi mpaka nimelisema lote.

Twaha